Kikao cha Kwanza na Mteja Mpya wa Ukocha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kocha hapa si wa michezo; ni mtu anayemsaidia mteja, kwa maswali na kumfuatilia, kuona anachokitaka kazini au maishani na kukifanyia kazi. Maswali haya hujirudia kila makocha wanapokutana, wawe wameanza juzi au wana miaka kazini. Msimamo unaopita ndani ya majibu yote ni mmoja: kikao cha kwanza si jukwaa la kocha kuonyesha anachojua. Ni mahali pa kukubaliana na kusikilizana, ili mteja aondoke akijua anaelekea wapi, anakwenda na nani na kwa masharti gani. Maswali yamepewa namba. Jibu moja likigusa jingine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya kikao

1. Kikao cha kwanza ni kipi hasa? Yale mazungumzo ya bure ya kujuana yanahesabika?

Hayahesabiki. Mazungumzo ya awali, ambayo makocha wengi huyatoa bila malipo kwa dakika 20 au 30, yana kazi moja tu: kupima kama mnafaana. Mteja anauliza bei, ratiba na uzoefu wako. Wewe unasikiliza kama jambo lake ni la ukocha au linamhitaji mtaalamu mwingine (swali la 19). Kikao cha kwanza huanza baada ya pande zote mbili kusema ndiyo.

Mpaka huu una maana. Kocha anayeingia kwenye kikao cha kwanza akiwa bado anajinadi huongea sana, huahidi mambo yasiyo mikononi mwake, na hukimbilia kutoa suluhisho ili mteja aone thamani ya pesa yake. Mteja ameshakubali. Huna tena cha kumuuzia.

2. Kiwe cha muda gani?

Dakika 60 hadi 90. Vikao vya baadaye vinaweza kuwa vifupi, lakini cha kwanza kimebeba mambo ya makubaliano ambayo hayatarudiwa kwa urefu huo. Mimi nikiachiwa nichague, nachukua 90.

Muda wowote mtakaokubaliana, uheshimu. Ukipitiliza robo saa siku ya kwanza kwa sababu mazungumzo yamenoga, umeshamwonyesha mteja kwamba mipaka yenu hailindwi, na itakuwa vigumu kumbana baadaye akianza kuchelewa au kukutumia ujumbe usiku wa manane.

3. Nimtumie maswali ya kujibu kabla hatujaonana?

Mtumie, lakini machache. Fomu ya kurasa sita inamchosha mtu kabla hajafika, na majibu mengi huandikwa ili kumpendeza msomaji. Manne yanatosha:

- Nini kimekufanya utafute kocha sasa, na si mwaka jana?
- Tukimaliza safari yetu, ungependa nini kiwe kimebadilika?
- Umeshajaribu nini, na kikaishia wapi?
- Nikitaka kukuambia jambo gumu, ungependa nilisemeje?

La kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu huishi na tatizo miaka, halafu wiki moja akaamua linatosha. Kilichotokea wiki hiyo mara nyingi ndicho kiini cha kazi yenu. Mpe siku mbili tatu za kujibu. Asipojibu, usimhukumu wala usimkumbushe mara tatu; beba maswali hayo uende nayo kikaoni.

4. Na mimi nijiandae vipi?

Soma alichoandika, kisha kiweke pembeni. Hatari ya kujiandaa kupita kiasi ni kuingia ukiwa umeshatunga hadithi ya mteja kichwani, halafu kila analosema ukalisikia kama ushahidi wa hadithi yako. Ukishajikuta unasema moyoni "huyu namjua, nimewahi kupata wa aina hii," umeacha kumsikiliza aliye mbele yako.

Maandalizi yanayosaidia zaidi ni ya mwili na ya mahali. Usipange kikao cha kwanza mara tu baada ya mkutano mwingine. Jiachie nusu saa. Zima simu. Hakikisha mlango unafungika na watu walio nje hawasikii. Usiweke meza kubwa kati yenu, na viti viwe vya kimo kimoja. Kaeni mshazari kidogo, ili mteja aweze kukuangalia akitaka na kuangalia kando akihitaji kufikiri.

5. Mkataba usainiwe lini, na uwe na nini ndani?

Usainiwe kabla ya kikao, na yaliyomo myazungumze ndani ya kikao. Ni mambo mawili tofauti. Watu husaini karatasi bila kuisoma, kwa hiyo sahihi pekee haimaanishi kwamba mmeelewana.

Uandike idadi ya vikao na urefu wake, malipo na lini yanalipwa, utaratibu wa kuahirisha (wengi huweka saa 24 kabla), usiri na mipaka yake, kumbukumbu zinahifadhiwaje na hadi lini, na kila upande unajitoaje ikibidi. Shirikisho la Kimataifa la Ukocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, limeorodhesha umahiri wa msingi wa aina nane kwa kocha, na kuweka na kudumisha makubaliano ni mmojawapo. Zingatia hilo neno kudumisha: makubaliano hurudiwa na kurekebishwa kadiri kazi inavyoendelea.

## Dakika za mwanzo

6. Nianzeje? Huwa najikuta sijui niseme nini baada ya salamu.

Anza kwa kumpa mteja ramani ya muda mlionao, kisha umpe nafasi ya kuibadilisha. Kwa mfano: "Karibu. Tuna saa moja na nusu. Ningependa tuanze na namna tutakavyofanya kazi pamoja, kama dakika 15 hivi, halafu muda uliobaki uwe wako. Kuna kitu ungependa tukipange tofauti?" Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Ni mara ya kwanza mteja anapata usukani, hata kama ni kwa jambo dogo, na atakumbuka kwamba ulimaanisha.

Mkishapita makubaliano, liepuke ombi la "niambie habari zako." Ni pana mno. Mtu akiulizwa hivyo huanza na shule aliyosoma, akafuata na kazi alizofanya, na dakika 20 zinaishia kwenye wasifu ambao ungeweza kuusoma. Uliza badala yake: "Tangu tulipozungumza mara ya mwisho, nini kimekuwa kikikuzunguka kichwani?" Jibu litakuwa la leo.

7. Niseme nini kuhusu usiri?

Sema kwa mdomo wako, kwa lugha ya kawaida, na utaje mipaka kabla hajaanza kufunguka. Unaweza kusema hivi: "Unayoniambia yanabaki kwangu. Kuna hali chache ambazo siwezi kunyamaza: nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au sheria ikinilazimisha kusema. Vilevile huwa napata mwongozo kutoka kwa msimamizi wangu wa kitaaluma, yaani mtu mwenye uzoefu ninayejadiliana naye kazi yangu ya ukocha. Nikimweleza jambo letu, simtaji mtu jina wala chochote cha kumtambulisha. Una swali juu ya hilo?"

Kisha subiri. Wapo watakaouliza mara moja, hasa wanaolipiwa na mwajiri (swali la 18). Usiahidi usiri usio na mpaka ili tu mtu ajisikie salama. Ahadi hiyo hutaweza kuitimiza, na siku ikivunjika hakuna kitakachorudisha imani.

8. Nilazimike kueleza ukocha ni nini?

Ndiyo, kwa ufupi, kwa sababu watu wengi huja wakitarajia ushauri. Maelezo hueleweka zaidi ukitumia jambo la mteja mwenyewe. Tuseme anataka kubadilisha kazi. Mshauri wa ajira atamwambia soko linahitaji nini. Menta atamsimulia njia aliyopita yeye. Mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia atashughulika na jeraha, kama lipo, linalomfanya ashindwe kuamka asubuhi kwenda kazini. Kocha atamuuliza maswali yatakayomfanya aone anachokitaka, kinachomzuia na atakachofanya, halafu atamfuatilia.

Maliza kwa kumuuliza: "Ulipokuwa unafikiria kuja hapa, ulitegemea mimi nifanye nini?" Jibu lake huweka wazi tofauti ya matarajio mapema, kabla haijageuka kuwa lawama kwenye kikao cha nne.

9. Nimweleze kuhusu vyeti na uzoefu wangu?

Sentensi mbili, labda tatu, hasa akiuliza. Ni swali la haki, maana katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha. Ukiwa na cheti cha ICF, mweleze kina maana gani: ngazi ya kwanza, ACC, inadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya ukocha, ya kati, PCC, saa 125 na 500, na ya juu, MCC, saa 200 na 2,500. Kama huna, sema ulijifunzia wapi na umefanya kazi na watu wa namna gani. Kisha rudi kwa mteja.

## Kiini cha kikao

10. Lazima lengo lipatikane siku ya kwanza?

Mwelekeo lazima upatikane. Lengo lililonyooka, lenye kipimo na tarehe, linaweza kusubiri kikao cha pili au hata cha tatu. Kulazimisha lengo mapema huzaa sentensi nzuri kwenye karatasi ambayo mteja haimiliki.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano wa kazi kati ya mtaalamu wa tiba na mtu anayemhudumia husimama juu ya mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kulifikia, na uhusiano wenyewe wa kuaminiana. Aliandika kuhusu tiba, lakini ukocha umeyachukua matatu hayo, na yanafaa sana kwa siku ya kwanza. Makocha wapya hulibana lengo na kuusahau uhusiano. Wapo pia wenye moyo laini wanaojenga uhusiano mzuri tu, mteja akatoka akiwa amefurahi lakini hajui anakuja tena kufanya nini. Kikao kikifika nusu, jiulize kimyakimya ni lipi kati ya matatu halijaguswa.

11. Nitajuaje kama lengo analolitaja ndilo lenyewe?

Mara nyingi la kwanza kutajwa si lenyewe. Ni lile ambalo mtu amezoea kulisema mbele za watu. Njia ya kufika chini ni kuacha maneno makubwa na kwenda kwenye tukio moja. Hapa kuna mfano wa kutunga, wa aina ambayo kila kocha ataitambua:

– Nataka kujiamini zaidi.
– Kujiamini wapi hasa?
– Kila mahali. Zaidi kazini. Kwenye mikutano.
– Mkutano wa mwisho ulikuwaje?
– Nilikuwa na takwimu zote. Mkuu wa idara akauliza swali, na jibu nilikuwa nalo. Mwenzangu akajibu.
– Wewe ulikuwa unasubiri nini?
– (kimya kirefu) Nilikuwa nasubiri aniangalie mimi.

Angalia kilichotokea. "Kujiamini" kungeweza kujaza vikao sita bila kushikika. "Nasubiri kuangaliwa ndipo niseme" ni kitu kinachoonekana, kina saa na mahali, na wiki ijayo mteja anaweza kufanya jambo juu yake. Kocha hakutoa tafsiri yoyote. Aliuliza wapi, lini, na nini, kisha akanyamaza pale palipohitaji kunyamaza. Usikimbilie kusema "kwa hiyo tatizo lako ni kutafuta ruhusa." Mwache aliseme yeye, kwa maneno yake, na uyatumie maneno hayohayo kuanzia hapo.

12. Nitumie mfumo gani?

Mmoja tu, na uufiche. Mfumo wa GROW, uliokuzwa Uingereza miaka ya 1980 na John Whitmore na wenzake, unatosha kwa siku ya kwanza: lengo (Goal), hali halisi (Reality), njia zilizopo (Options), na atakachoamua kufanya (Will). Kosa la kawaida ni kuutembea kama orodha ya ukaguzi. Mteja akiwa kwenye hatua ya njia zilizopo, ghafla akagundua kwamba lengo lenyewe halimhusu, rudi naye kwenye lengo. Herufi nne zipo kukusaidia wewe usipotee. Hazipo kumwongoza yeye.

Chombo kingine kinachofaa mapema ni swali la kipimo, lililoenezwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waliofanya kazi yao ya tiba fupi jijini Milwaukee, Marekani. "Kutoka sifuri hadi kumi, uko wapi sasa?" Akisema nne, usimuulize mara moja kwa nini si kumi. Muulize nini kimemfikisha nne badala ya mbili. Swali hilo humkumbusha kwamba kuna nguvu anazozitumia tayari, na wengi hushangaa wakianza kuzitaja. Baada ya hapo: "Tano ingeonekanaje?" Hatua moja tu juu.

Vipimo vya tabia na michoro ya kugawanya maisha katika sehemu nane au kumi siipendi kwa siku ya kwanza. Humtawanya mtu aliyekuja na jambo moja linalomuuma. Viache vikao vya baadaye, kama vitahitajika.

13. Nizungumze kiasi gani?

Mkishamaliza makubaliano, kidogo sana kuliko unavyodhani. Kipimo rahisi: maswali yako yawe mafupi kuliko majibu yake. Kama unahitaji sentensi tatu kuuliza, bado unafikiri kwa sauti; maliza kufikiri kwanza. Usiulize mawili kwa mkupuo, maana atajibu lililo jepesi. Na chunga "kwa nini." Mtu akiulizwa "kwa nini hukusema?" hujitetea. Akiulizwa "nini kilikuzuia?" huangalia.

Kimya ndicho kinachowatesa wengi. Mteja ameacha kuongea, macho yako juu kidogo au chini, uso umetulia: anafanya kazi. Ukiingilia hapo unamkatiza katikati ya sentensi ambayo bado haijatoka. Vuta pumzi taratibu mara tatu nne kabla ya kusema lolote. Kama kimya ni cha kuchanganyikiwa, atakuangalia kama anayeomba msaada, na hapo utauliza upya kwa njia nyingine.

14. Akiniuliza "wewe ungefanyaje?"

Usimkwepe kwa "hapana, wewe unaonaje?" Inaudhi, na inaonekana kama mchezo. Muulize kwanza anatafuta nini kwenye jibu lako: taarifa, ruhusa, au mtu wa kumbebea uamuzi. Kama ni taarifa unayo na yeye hana, mpe, na useme wazi kwamba hapo umevua kofia ya kocha. Kama ni ruhusa au uamuzi, mwambie ulichokisikia: "Nasikia kama ungetaka mtu mwingine aamue. Ukiamua mwenyewe, unaogopa nini?" Ni mazungumzo mazuri kuliko ushauri wowote ambao ungempa.

15. Niandike wakati anaongea?

Andika maneno machache, hasa yale anayoyarudia, na mwombe ruhusa kwanza. Ukiandika kila kitu humuoni, na mwili husema mengi ambayo mdomo hausemi. Maelezo kamili yaandike dakika kumi baada ya yeye kuondoka. Ukitaka kurekodi sauti, pata idhini ya wazi kabla, mweleze itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Akisitasita tu, acha.

## Kufunga kikao

16. Aondoke na nini mkononi?

Hatua moja aliyoichagua mwenyewe, ndogo kiasi kwamba akiisikia hashtuki. Anza kufunga zikiwa zimebaki dakika 15, si tano. Muulize: "Katika yote tuliyozungumza, lipi unataka kulifanya kabla hatujaonana tena?" Kisha lishushe mpaka lishikike: siku gani, saa ngapi, mahali gani, nani atakuwepo.

Utafiti wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, aliouelezea kwa mapana mwaka 1999, ulionyesha kwamba mpango uliofungwa kwenye hali maalumu, kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile," hutekelezwa vizuri zaidi kuliko nia pekee. Mteja wa swali la 11 asiondoke na "nitajitahidi kusema." Aondoke na "Jumatatu, mkuu akishamaliza kufungua mkutano, nitakuwa wa pili kuzungumza." Muulize pia nini kinaweza kumkwamisha, na akikwama atafanya nini.

Usimpe hatua tatu. Akifanya moja kati ya tatu, atarudi akiomba radhi kwa mbili.

17. Nitajuaje kama kikao kilikwenda vizuri?

Muulize kabla hajanyanyuka: "Leo nini kimekusaidia, na nini ungependa nifanye tofauti?" Swali la pili liulize kwa kumaanisha, na ukipewa jibu usijitetee. Mteja anayeweza kukukosoa siku ya kwanza ataweza kukuambia ukweli siku ya sita.

Shukrani nyingi na machozi si kipimo. Sikiliza zaidi kama sentensi zake za mwisho ni tofauti na za mwanzo: alianza akiwazungumzia watu wengine, sasa anajizungumzia yeye, alianza na "kila mahali," sasa anasema "Jumatatu." Ndani ya siku moja mtumie ujumbe mfupi wenye hatua aliyochagua, kwa maneno yake, na tarehe ya kikao kijacho. Usiongeze ushauri uliousahau.

## Hali ngumu

18. Mwajiri ndiye analipa, na mteja ametumwa. Nifanyeje?

Kwanza, fanyeni kikao cha watu watatu, mteja, msimamizi wake kazini na wewe, kabla ya kikao cha kwanza. Hapo mwajiri aseme anachotarajia mbele ya mteja mwenyewe, na mkubaliane atapata taarifa gani. Makubaliano yanayoheshimika kwa kawaida ni haya: mwajiri anaambiwa kama vikao vimefanyika, maendeleo ya malengo yanasemwa na mteja mwenyewe, yaliyozungumzwa ndani hayatoki. Mwajiri akikuvuta pembeni akasema "kati yetu tu, huyu tunamfikiria kumwondoa," mwambie hutabeba siri hiyo, na kwamba amweleze mhusika. Ukiibeba, kila swali utakalomuuliza mteja litakuwa na sumu ndani.

Pili, mpokee mtu aliyetumwa kama alivyo. Akikaa amekunja mikono na kujibu kwa neno moja, liseme jambo lenyewe: "Hukuchagua kuja hapa. Ikiwa lazima tuwe na saa hii, ungependa ikusaidie nini wewe, si wao?" Wengine hulegea papo hapo. Wengine wanahitaji kukulalamikia kwanza kwa nusu saa, na hiyo nusu saa haijapotea. Wapo pia watakaokataa, na wana haki hiyo.

19. Naona anahitaji tiba, si ukocha. Namwambiaje?

Dalili za kuzingatia: hajalala au kula vizuri kwa muda mrefu, ameshindwa kufanya shughuli za kila siku, anarudi tena na tena kwenye tukio la kuumiza kana kwamba linatokea sasa, anategemea pombe au dawa ili apite siku. Hujafunzwa kutoa utambuzi wa ugonjwa, kwa hiyo usimpe jina la ugonjwa. Sema ulichoona: "Umenieleza kwamba hujalala kwa wiki kadhaa na unaona hakuna maana ya kuamka. Hilo linastahili mtu mwenye ujuzi ambao mimi sina. Ningependa umuone, na nikusaidie kumpata." Uwe na majina mawili matatu ya wataalamu kabla hujaanza kazi hii, usianze kutafuta siku hiyo.

Akitaja kutaka kujiua, ukocha unasimama hapo hapo. Muulize moja kwa moja, kwa utulivu, kama anafikiria kujiua na kama ana mpango. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mhusishe mtu wake wa karibu, na mfikishe kwenye huduma ya dharura. Hapa ndipo ile mipaka ya usiri uliyoitaja mwanzoni (swali la 7) inapofanya kazi.

20. Ameanza kulia. Nisitishe kikao?

Kulia peke yake si dharura. Sogeza tishu karibu, nyamaza, kaa hapo. Ukiharakisha kumfariji unamwambia kwamba machozi yake yanakusumbua. Akitulia, muulize: "Ungependa tuendelee na hili, au tuliweke kando kwa sasa?" na ufuate jibu lake. Kama haachi, au analia kwa jambo linalofanana na yale ya swali la 19, pitia hapo.

21. Anaongea bila kukoma. Namkatizaje bila kumvunjia heshima?

Omba ruhusa hiyo mapema, kwenye makubaliano: "Nikiona tunapotea, naweza kukukatiza?" Karibu kila mtu hukubali. Wakati ukifika, itumie: "Samahani, nakukatiza kama tulivyokubaliana. Umetaja mambo manne. Lipi lina uzito kuliko yote leo?" Kumwacha mtu azunguke saa nzima kwa kuogopa kumkatiza si heshima, maana muda huo ameulipia.

22. Kikao kikiwa cha mtandaoni, nini kinabadilika?

Muulize mwanzoni kama yuko peke yake na kama anaweza kuzungumza kwa uhuru. Kubalianeni mtafanya nini mtandao ukikatika: nani anampigia nani, kwa namba ipi. Jua yuko wapi, pengine ikabidi kumtafutia msaada. Ongea polepole kidogo kuliko kawaida, kwa sababu sauti huchelewa na mtajikuta mnaingiliana. Mengine yote ni yaleyale.

23. Mteja ni rafiki au ndugu yangu.

Mpeleke kwa kocha mwingine. Unajua mengi mno, una maslahi kwenye uamuzi wake, na hatakuambia yale ambayo hataki yafike kwenye familia. Kama mnafahamiana kwa mbali tu, mnaweza kuendelea, mradi mlizungumze wazi: mkikutana nje mtasalimianaje, na nini hakitatajwa huko.

24. Katikati ya kikao nimegundua hatuendani.

Jiulize kwanza ni nini hasa. Kama ni maudhi madogo, au amekukumbusha mtu fulani, hiyo ni kazi yako na msimamizi wako wa kitaaluma, mteja asiilipie. Kama ni jambo la msingi, mathalani anataka umsaidie kufanya kitu ambacho dhamiri yako inakataa, au uwanja wake huuelewi kabisa, maliza kikao vizuri kisha umweleze kwa uwazi, ukibeba sababu upande wako: "Sioni kama mimi ndiye ninayekufaa kwa hili." Mpe majina ya makocha wengine, na mrudishie malipo ya vikao ambavyo havijafanyika.

25. Amefika amechelewa nusu saa.

Anza naye kwa muda uliobaki na mmalize saa ileile mliyopanga. Kwa dakika hizo fanya mambo mawili: makubaliano (maswali ya 7 na 8) na swali la "kwa nini sasa" kutoka swali la 3. Mengine yahamishie kikao cha pili. Kuhusu kuchelewa kwenyewe, sema mara moja, bila kugomba: "Tumebaki na nusu saa, tuitumie vizuri. Kuna kitu cha kubadilisha kwenye ratiba ili ikufae?" Ikitokea tena kikao cha pili, hapo si suala la ratiba tena, na ndipo unapoliweka mezani kama sehemu ya kazi yenu.